Mngoje Chini

Jumamosi, kabla jua halijakausha umande wa Kihesa,
Luhwago ananisubiri penye bomba la maji lililokufa,
kamba begani, ile ya minara ya simu,
iliyostaafishwa na kampuni mwaka mmoja kabla yake.
"Kamwene." "Kamwene."
Basi. Baridi ya Juni haitaki maneno mengi.

Ningemwambia mama naenda sokoni, angeniagiza vitunguu.
Nilimwambia ukweli: naenda kupanda jiwe.
Akaacha kuchambua maharage.
"Umesahau nini huko juu?"

Sikuwa na jibu. Sina hadi leo.
Huko juu hakuna kuni, hakuna uyoga.
Kuna mavi ya pimbi
na kidimbwi cha mvua kisichozidi sahani,
na upepo usiomjua mtu.

Chaki ni za shule. Vipande visivyoshikika tena,
vilivyokwisha kuandika sehemu na desimali,
navitwanga, navitia ndani ya soksi.
Darasa la sita hawajui
kwamba jasho la mwalimu wao hukaushwa na hesabu zao.

Jiwe ni baridi kama sufuria lililolala nje.
Mita tano za mwanzo ni za mazungumzo:
unasikia jogoo, unakumbuka deni la mkaa,
vidole vinaingia kwenye ufa kama vilizaliwa humo.
Halafu ufa unaisha.

Unaisha kama barabara ya kampeni,
ghafla, bila kibao.
Mbele ni uso mtupu wa jiwe
na kipele kimoja, kidogo kuliko kifungo cha shati,
na hicho ndicho ulichopewa.

Goti la kushoto linatetemeka bila ruhusa yangu.
Mate yana ladha ya sarafu.
Naona kila kitu: punje za jiwe, nyeusi, nyeupe, waridi,
sisimizi amebeba bawa la mdudu
anapita palepale ninaposhindwa
hata hasalimii.

Usitazame chini, husema watu. Mimi hutazama.
Chini kuna mabati, moshi wa kuni,
Ruaha Mdogo kama uzi ulioanguka kwenye mkeka,
na kofia ya sufu ya Luhwago, ya kijani,
ndogo kama pera bichi.

Tulikua tukiusikia: aliye juu, mngoje chini.
Walimsemea tajiri, bosi, jirani aliyejenga ghorofa:
ataanguka tu, kaeni na meno yenu tayari.
Leo ninamtazama mtu
aliyeshika kamba yangu kwa mikono miwili,
shingo imekakamaa kwa kuniangalia,
mtu aliyemwona mwenzake akidondoka mnarani, kule Mafinga,
siku ambayo kamba ilibaki kwenye gari.
Hajawahi kunisimulia zaidi ya hilo la gari.
Ananingoja chini.
Sijawahi kungojwa hivyo na mtu.

Nikainua mguu.
Usiniulize ujasiri ulitoka wapi, pengine haukuwepo,
pengine nilichoka tu kuogopa kwa mkao uleule.
Kipele kikakubali.
Kisha kingine, kisha ukingo mpana, mchafu, mtamu,
na tumbo langu likalala juu ya jiwe kama samaki aliyetolewa majini.

Hofu haikubaki chini.
Ilipanda nami, ikaketi kando ya kile kidimbwi,
ikahema kama mbwa.
Tukatazama mji pamoja,
kengele ya kanisa ikagonga, mtu mdogo akaanika shuka,
na kwa dakika chache sikudaiwa na yeyote.

Nyumbani mama akaniona kiganja kimechunika.
Akachota maji ya vuguvugu, akatia chumvi,
akaushika mkono wangu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.
"Umekipata?"
"Bado."
Akanyamaza. Maji yakawa na rangi ya chai nyepesi.
"Basi Jumamosi uvae sweta zito."